Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: mtoto hajasaini hiyo karatasi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa Baraza la Madaktari, kwa wakubwa wa Wizara ya Jinsia mnaoshika mambo ya watoto, na kwa waheshimiwa wabunge wa Kamati ya Afya,

Salamu nyingi kutoka Busia, Uganda, huku kwetu mpakani. Mimi ni mama na ni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, kazi yangu mnaijua, kupita nyumba kwa nyumba kuangalia watoto wenye homa, kupima malaria, kuandika kwenye kitabu, na mtoto akizidiwa naenda na mamake mpaka hospitali kubwa kwa sababu kina mama wengi huku Kiingereza hawajui na mimi nasikia Kisamia, Kiswahili, Luganda na Kiingereza cha kutosha kuelewana na daktari. Basi nimekaa sana kwenye wodi za watoto, nimesimama katikati, mzazi huku daktari kule, na nimeona ugomvi wa aina moja ukirudia rudia mpaka nimeamua niwaandikie wazi ili na wengine wasome.

Ugomvi wenyewe uko hivi. Daktari anataka kumfanyia mtoto kitu, amwongezee damu, amtoe maji ya mgongo, ampasue, amuanzishie dawa za saratani. Mzazi anakataa. Wanabishana, sauti zinapanda, wodi nzima inageuka kuangalia, na mwisho inaletwa karatasi, ile fomu ya kutoka hospitali kinyume na ushauri wa daktari. Mzazi anaandika jina, asiyejua kuandika anaweka kidole gumba, nesi anasaini kama shahidi, mtoto anafungwa mgongoni wanaenda zao. Hapo hospitali haidaiwi tena kitu. Mzazi anaona ameshinda. Mtoto ndo anaenda kufia nyumbani ama anarudishwa akiwa amechelewa, na yeye ndo mtu pekee kwenye hiyo kesi ambaye hakuulizwa na hakusaini.

Naomba kitu kimoja, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo: hiyo karatasi isitumike tena kumaliza mambo ya mtoto. Mtu mzima akisema mimi naenda nyumbani, sawa, mwili ni wake, asaini aende. Lakini mtoto wa miaka mitatu siyo mali ya mamake wala siyo mali ya daktari, na saini ya mtu mwingine haiwezi kuwa ruhusa ya yeye kufa na ugonjwa ambao dawa yake iko hapo hapo kwenye kabati.

Niwaelezee kisa kimoja muone venye inakuwa. Kuna mama nilimsindikiza, mtoto wake wa kiume alikuwa na degedege usiku kucha, shingo imekaza, macho yanapinduka. Hospitali siitaji. Tulikuta daktari mmoja kwa wodi nzima, kijana wa intani, yaani bado yuko kwenye mafunzo ya kazi, ukimwangalia unaona hajalala. Alianza vizuri tu, akaweka sindano ya dripu kwenye mkono wa mtoto, nesi akakata kipande cha boksi la glavu akaufunga nacho mkono kwa plasta ili usikunjike, malaria ikapimwa. Halafu daktari akasema kwa Kiingereza anataka maji ya mgongo. Mama akaniangalia. Nilipomwambia alianza kutetemeka, akasema hapana, hiyo sindano ndo iliua mtoto wa jirani yake, na hata yule alikuwa kitanda cha dirishani alichomwa jana na leo asubuhi ametolewa amefunikwa. Daktari akasema, mwambie asipokubali mtoto atakufa. Mama akasema, mwambie nikikubali pia atakufa.

Hapo ndo ilipoharibika. Daktari hakukaa chini, kulikuwa na wengine wanamngoja, mmoja anahema vibaya kitanda cha pili, akasema kama hataki basi asaini aende, na karatasi ikaletwa pamoja na kile kikopo cha wino wa bluu. Nilijaribu kuongea na mama lakini alikuwa ameshafunga leso. Aliondoka na mtoto, sindano ya dripu ikiwa bado mkononi na boksi lake kwa sababu hakuna mtu alikumbuka kuitoa, wakapanda boda. Walirudi siku kama mbili baadaye mtoto akiwa hajitambui, wakamchoma sindano ile ile ya mgongo na safari hii mama hakukataa maana hakuwa na nguvu ya kukataa chochote. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo kweli. Mtoto alipona lakini hasikii. Ukimwita kutoka nyuma anaendelea kucheza.

Wengi wakisikia hiki kisa wanamlaumu mama, eti ujinga wa kijijini. Mimi nakataa. Huyo mama aliona kitu kwa macho yake, watoto wanachomwa mgongo halafu wanakufa, na ni kweli wanakufa, ila kinachowaua ni ule ugonjwa, maana wanachomwa wakiwa tayari wamezidiwa, wameshapitia kwa duka la dawa, kwa mganga, kwa maombi, hospitali ndo inafika mwisho. Oksijeni ni hivyo hivyo. Huku mtu akiona mtoto amewekewa ile mipira puani anaanza kulia kabisa kama msiba umeingia, kwa sababu anaowaona wakiwekewa ni wale wamechoka sana. Hii inahitaji mtu akae benchi moja na mama, amwambie kwamba maji yanatolewa chini kabisa, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, kwamba ni matone machache, kwamba yakitoka na ukungu daktari anajua ni dawa gani na ya siku ngapi. Ni dakika chache hizo. Na zilikosekana kwa sababu mtu mmoja alikuwa na watoto wa watu watatu.

Kuna kingine kinaniuma zaidi. Yule mama alikataa kipimo, hakukataa dawa. Daktari wa watoto yeyote anajua mtoto akishukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo na kipimo kimekwama, sindano za antibiotiki zinaanza hapo hapo, kipimo kinaweza kungoja mpaka watu waelewane. Lakini ugomvi ukishapanda inakuwa yote au hakuna, ukikataa kimoja umekataa hospitali nzima, na hiyo fomu haina hata mahali pa kuandika nakataa hiki ila nakubali kile. Kama ingekuwa na huo mstari mmoja tu, huyo mtoto pengine angekuwa anasikia leo.

Najua mtasema sheria iko. Iko, na ni nzuri. Katiba ya 1995 kifungu cha 34 kinasema mtoto asinyimwe matibabu na mtu yeyote kwa sababu ya dini au imani nyingine yoyote. Sheria ya Watoto inamtaka mzazi ampe mtoto matibabu na chanjo, na inasema mtu yeyote akiona mzazi mwenye uwezo anakataa kumtibu mtoto anaweza kupeleka habari kwa LC, yaani baraza la serikali ya mtaa la mahali hapo, na kwenye kila LC ya kijiji anatakiwa awepo mtu wa kushika mambo ya watoto. Kuna afisa wa probesheni wilayani anayeshika mambo ya ustawi wa watoto, kuna Mahakama ya Familia na Watoto, kuna simu ya bure ya kusaidia watoto, Sauti, namba 116. Vizuri sana. Sasa chukueni saa nane za usiku, daktari ana mtoto mwenye siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, au malaria kali, kipimo cha wingi wa damu kinasoma 3 tu, na baba amesimama mlangoni anasema damu ya mtu mwingine haiingii kwa mwanangu. Huyo daktari ampigie nani? Probesheni anahudumia wilaya nzima na ofisi imefungwa tangu jioni. Hakimu amelala. Madaktari wengine wanaweka damu huku wanaomba Mungu wasije wakashitakiwa, wengine wanatoa karatasi. Kila mmoja anaamua na roho yake, na akiamua vibaya anabeba peke yake. Hata kwa daktari hiyo siyo haki.

Juu ya Mashahidi wa Yehova nataka niongee kwa heshima kwa sababu nina majirani wa hiyo dini na watoto wao wanacheza na wangu. Hawakatai hospitali. Wanakataa damu, basi, dawa zingine zote wanakubali na watoto wao wanawapenda kama wewe unavyompenda wako. Na wamejipanga, wana kamati zao za kuongea na hospitali, mtu akiwa na shida ya damu anapiga simu na wazee wanakuja, wanakaa na familia, wanaongea na daktari kuhusu njia zingine. Mimi hiyo ndo inanishangaza, kwamba dini ina mtu wa kuja wodini usiku kusimamia imani ya mzazi, na serikali yenye hiyo Katiba haina mtu wa kuja kusimamia mtoto.

Na hata kwenye damu siyo kila mtoto ni dharura ya dakika hiyo. Kulifanywa utafiti mkubwa hapa Uganda na Malawi, watoto zaidi ya 3,000, majibu yakatoka mwaka 2019, ukaonyesha kwamba mtoto ambaye damu iko kati ya 4 na 6 na hana dalili za hatari anaweza kungojewa huku anaangaliwa kwa karibu sana, na kungoja hakukuongeza vifo. Lakini aliye chini ya 4, au anayehema kwa shida, au aliyepoteza fahamu, huyo hana muda wa mkutano. Maana yake kuna wazazi ambao daktari anaweza kukaa nao mpaka asubuhi, na kuna wengine ambao lazima mtoto awekewe damu kwanza, maneno baadaye, na Wizara ndo inatakiwa iandike huo mpaka uko wapi na isimame nyuma ya daktari aliyeufuata. Kimaandishi. Siyo kumwachia kijana wa intani.

Sasa niwageukie nyinyi wa Baraza, na msinikasirikie. Tabia ya kuona mzazi anayeuliza maswali kama adui lazima iishe, kwa sababu madaktari pia wanakosea, na siyo daktari mmoja mzembe, hata udaktari mzima unaweza kukosea. Miaka mingi mtoto mwenye homa kali akifika na dalili za shoku, yaani damu haizunguki vizuri mwilini, kanuni ilikuwa kumjaza maji ya dripu haraka haraka. Hospitali za Mbale, Soroti, Lacor na Mulago, pamoja na wenzetu wa Kenya na Tanzania, walifanya utafiti kwa watoto 3,141, ukatangazwa 2011. Waliopewa maji kwa haraka walikufa wengi zaidi, karibu 11 kwa kila 100 ndani ya siku mbili, wakati wale ambao hawakujazwa maji hivyo walikufa kama 7 kwa 100. Dunia nzima ilijifunza kutoka kwa watoto wetu. Kwa hiyo yule bibi aliyekuwa anauliza mbona mnamwekea maji mengi hivyo mtoto mdogo, na akaambiwa nyamaza wewe siyo daktari, swali lake lilikuwa la maana. Na hapo hapo kuna somo lingine, kwenye utafiti huo watoto walikuwa wanaletwa hali mbaya sana, hakuna muda wa kusoma makaratasi, wakaweka utaratibu kwamba mzazi anaelezwa kwa ufupi kwa mdomo na kuulizwa kama anakubali, halafu mtoto akitulia mzazi anaelezwa yote taratibu na ndo anasaini. Yaani katikati ya dharura inawezekana kumheshimu mzazi. Kama iliwezekana kwa utafiti mbona isiwezekane kwa matibabu ya kila siku?

Kuna pesa. Hii tunaizunguka sana kwa sababu wazazi wanaona aibu kuisema. Tangu 2001 hospitali za serikali ni bure, lakini kila mtu anajua ukifika unatumwa ununue kanula, glavu, dawa nyingine haipo nenda famasi ya nje, skani nenda mjini. Sasa mzazi hawezi kusema mbele ya watu wote sina shilingi elfu thelathini. Anasema sitaki. Anasema Mungu ataponya. Anasema naenda kwanza kuongea na wazee. Daktari anaandika amekataa matibabu. Mfano ambao naufikiria sana ni wa ule uvimbe wa taya, saratani ya Burkitt, ambayo ilielezwa mara ya kwanza na daktari Denis Burkitt hapo Kampala mwaka 1958, na mpaka hii leo ni moja ya saratani zinazokua haraka zaidi na pia moja ya zile zinazopona vizuri na dawa. Mtoto anapelekwa Taasisi ya Saratani pale Mulago, anapewa dozi ya kwanza, na ndani ya siku chache uvimbe unayeyuka mpaka sura inarudi. Baba anaona mtoto amepona. Nyumbani ameacha wengine wanne na jembe limelala, nauli ya kurudi kwa dozi ya pili hana, daktari anamwambia ukiondoka unamuua mtoto, baba anasikia kama anatukanwa, anaondoka. Uvimbe unarudi, na ukirudi unakuwa mgumu kutibu. Hapo mnaita mgogoro wa maadili kati ya daktari na mzazi, na mimi nasema ni nauli. Mkimpa huyo baba nauli na mahali pa kulala, na mtu wa kumweleza kwamba ugonjwa umejificha haujaisha, hakuna mgogoro. Kabla hamjaandika mzazi amekataa, mtu amwulize pembeni, kwa sauti ya chini, ni nini hasa.

Polisi. Huku mashariki tuna lile kundi wanaloita 666, hawataki chanjo, hawataki vitabu, hawataki hospitali, na Sheria ya Chanjo ya 2017 inasema mzazi asiyechanja mtoto anaweza kufungwa miezi sita. Sisemi sheria ifutwe, mtoto wa hao watu ana haki sawa na wangu na kuna siku lazima nguvu itumike. Ninachosema ni kwamba mama mmoja akitolewa wodini na polisi, ama akitishiwa tu mbele ya wengine, hiyo habari inafika kijijini kabla yeye hajafika, na mimi nikipita wiki inayofuata nakuta milango imefungwa na watoto wenye homa wamefichwa nyuma ya nyumba. Hao ndo wataishia kwa mtu wa ebiino, anayemkata mtoto mchanga fizi kwa kitu cha chuma kisichochemshwa akisema anatoa meno ya uongo yanayoleta kuhara. Polisi aje, lakini aje mwisho, na aje akiwa na karatasi ya hakimu.

Lingine dogo lakini linachelewesha watoto kila siku. Baba yuko wapi? Mama amekaa na mtoto, anakubali matibabu yote, anaambiwa mwite mumeo asaini upasuaji, mume yuko Juba anaendesha lori, simu haipatikani. Sheria ya Watoto inampa kila mzazi wajibu juu ya mtoto wake, haikusema baba peke yake. Na kina mama wa miaka kumi na sita, tunao wengi mno, wanaambiwa wao wenyewe ni watoto, walete mama mkwe, na mama mkwe akija ana maoni yake kabisa. Toeni mwongozo mmoja unaosema mama aliyemzaa mtoto anaweza kumsainia mtoto wake, umri wowote awe nao, na mbandike ukutani wodini.

Na upande mwingine pia upo, daktari akiwa ndo amefika mwisho na mzazi hataki kukubali. Mara nyingi mzazi anaambiwa neno moja tu, mpelekeni nyumbani. Basi. Haelezwi ugonjwa umefika wapi, hajui mtoto atasikia maumivu au la, anaondoka akiamini wamemfukuza kwa sababu hana pesa, anauza ng'ombe, anahangaika na kliniki za binafsi mpaka mtoto anafia njiani. Na nchi hii ina sifa kwenye hili jambo, Hospice Africa Uganda ilianzishwa 1993, wakatengeneza mofini, dawa ya maumivu makali, ya maji ya kunywa na ya bei rahisi, na tangu 2004 hata manesi waliosomea hiyo kazi wanaruhusiwa kuiandika. Mtoto anayekufa hatakiwi kufa akipiga kelele. Daktari anayesema mpelekeni nyumbani aseme pia nani atakuja na ile chupa ya mofini. Kule Uingereza mwaka 2017 wazazi wa mtoto Charlie Gard walibishana na hospitali ya London mpaka mahakama ya juu kabisa, wao wanataka kumpeleka Marekani kwa matibabu ya majaribio, madaktari wanasema ni kumtesa bure, na wazazi walishindwa, mtoto akafariki Julai hiyo. Iliwaumiza watu wengi. Lakini nilichokiona mimi kwenye hiyo kesi ni kwamba mtoto alikuwa na mtu wake pale mahakamani, siyo wa wazazi wala wa hospitali, anayeongea kwa ajili yake peke yake. Sisi hatuna mashine kama zile na hatuna muda wa miezi ya mahakama, lakini huyo mtu wa tatu tunaweza kuwa naye, na hata haihitaji pesa nyingi.

Hebu sikieni. Ile fomu ya watoto iandikwe upya. Iwe na mahali pa kuandika mzazi amekataa nini na amekubali nini, kwa sababu gani kwa maneno yake mwenyewe, nani alimweleza na kwa lugha gani. Mtoto mgonjwa hali mbaya asitoke mpaka musawo, yaani daktari, wa pili, hata kwa simu, ameongea na mzazi, kwa sababu mara nyingi mzazi hajakataa matibabu, amemkataa yule mtu aliyempigia kelele. Kila hospitali ya wilaya na ya rufaa iwe na watu wa zamu ya kuitwa, usiku na mchana, siyo ofisi mpya yenye magari, chukueni sista mkubwa aliyestaafu, mtu wa dini anayeheshimika, mzazi ambaye mtoto wake aliwahi kulazwa hapo, muwafundishe, muwape muda wa simu. Na kila eneo liwe na hakimu mmoja wa zamu anayeweza kutoa amri kwa simu usiku huo huo, karatasi zifuate kesho. Mzazi naye awe na haki ya kumpigia huyo mtu wa zamu akiona daktari anakosea, siyo daktari peke yake.

Lugha pia. Tangu Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini fomu za ridhaa ninazoziona mimi ni za Kiingereza tu. Tuna ndugu zetu wa Kongo walioko Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja, Kiswahili ndo wanaelewa, wanaweka kidole kwenye kitu wasichokijua. Wekeni ya Kiswahili, ya Luganda, Ateso, Acholi, Lugbara, Runyankole, na kwa asiyesoma asomewe mbele ya mtu wake.

Halafu kitu ambacho hakigharimu hata kalamu mpya: mtoto akitoka kinyume na ushauri, nipigieni simu. Mimi au VHT mwenzangu wa kijiji hicho. Namba zetu ziko kwenye vituo vya afya, tunajua hiyo nyumba ni ipi, tunajua bibi ndo mwenye neno pale au ni baba mdogo, tunaweza kufika asubuhi hiyo hiyo na kuongea bila koti jeupe. Yule mama wa degedege nilikuwa naye, lakini wengine wanaondoka usiku bila mtu yeyote, kwenye rejista wanaandikwa wametoroka na hakuna anayetafuta wamefika wapi. Kesho yake mtoto bado yuko hai, bado kuna nafasi, na mimi nakaa mwendo mfupi tu kutoka kwao sina habari.

Nangoja majibu yenu. Mkiitisha kikao juu ya hiyo fomu niiteni, nitakuja na kina mama waliowahi kuisaini, wamekubali kuongea wenyewe, ila mtafute wa kutafsiri mapema na kikao kisianze kabla hajafika.

Mimi mama VHT,
Busia, Uganda